Kuendesha pambano katika Dungeons & Dragons: mwongozo kamili kwa meza inayoanza

Meza nyingi zinazoanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa hadithi kwa dadu, huenda vizuri mpaka upanga wa kwanza uchomolewe. Hapo ndipo mambo hukwama. Mmoja anauliza arushe dadu ipi, mwingine anataka akimbie, apige na anywe dawa kwa mkupuo mmoja, mwendeshaji (anayesimulia hadithi na kuwachezea maadui) anafunua kurasa, na waliobaki wameshashika simu. Inasikitisha, kwa sababu pambano likiendeshwa sawasawa ndilo sehemu ya mchezo ambapo kila uamuzi una bei yake, na watu wazima hujikuta wamesimama kusubiri dadu moja itulie.

Jambo ambalo kila mchezaji anapaswa kulijua kabla ya mengine yote ni hili: ushindi hupatikana kwa hesabu ya matendo. Upande unaopata matendo mengi yenye maana ndani ya raundi moja ndio unaoshinda, hata kama silaha zake ni duni. Karibu kila sheria utakayoisoma hapa chini inahusu kupata tendo, kulinda tendo lako au kumnyima adui la kwake.

Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974. Waliouanzisha, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wapenzi wa michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago, na ndiyo maana sehemu ya kupigana imepangwa kwa undani kuliko nyingine. Mwongozo huu unafuata toleo la tano kama lilivyotoka 2014. Lilirekebishwa 2024, na nitaitaja tofauti pale tu inapobadilisha mchezo. Sheria za msingi za 2014 ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, hivyo unaweza kuzipakua bure, kuzichapisha na kumgawia kila mtu mezani.

Andaa meza kabla ya adui kutokea

Dadu zinazohitajika ni za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Zikikosekana madukani, programu za bure za simu zinatosha. Kwa ramani tumia daftari la hesabu lenye miraba: mraba mmoja ni futi 5, yaani kama mita moja na nusu. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi ya kwanza ya jina vinafaa kuwa wahusika. Wapo wanaocheza bila ramani, kwa maneno matupu, na wakishazoea hupendeza. Meza mpya isijaribu, maana nusu ya mabishano huwa ni kuhusu nani yuko wapi.

Kila mchezaji aandike juu ya karatasi ya mhusika wake namba tano, kwa herufi kubwa:

- Namba ya kinga (kwenye karatasi imeandikwa AC). Ndiyo namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige. Deraya ya minyororo hutoa 16 na ngao huongeza 2, jumla 18. Asiye na deraya huanza na 10, kisha anajumlisha nyongeza ya Wepesi wake, mojawapo ya sifa za mhusika zilizoandikwa kwenye karatasi.
- Pointi za uhai (HP).
- Nyongeza ya kupanga zamu, ambayo kwa kawaida ni ile ya Wepesi.
- Mwendo kwa raundi. Binadamu ana futi 30, miraba sita.
- Shambulio lake kuu, limeshapigiwa hesabu: kwa mfano "Upanga mrefu: +5, madhara 1d8+3".

Maandishi kama 1d8 au 2d6 yasikutishe. Namba ya kwanza ni idadi ya dadu, ya pili ni pande zake. Hiyo +5 imetokana na nyongeza ya Nguvu, +3, na nyongeza ya ubingwa, ambayo kwa kila mhusika wa ngazi ya kwanza ni +2. Hesabu ifanywe mara moja, nyumbani, isirudiwe kila zamu.

Nani amemwona nani

Kabla ya dadu yoyote, mwendeshaji aamue mambo mawili: pande hizi zina umbali gani kati yao, na je, kuna upande uliojificha? Waliojificha wanarusha dadu ya kunyemelea, kisha matokeo yanalinganishwa na uangalifu wa kawaida wa upande wa pili, ambao ni 10 na nyongeza zake. Asiyeona hatari yoyote ikija ameshtukizwa. Kwa sheria za 2014, aliyeshtukizwa hasogei wala hatendi katika zamu yake ya kwanza, na hawezi kujibu mpaka zamu hiyo ipite. Hilo ni pigo zito, kwa sababu raundi nzima ya matendo imepotea. Masahihisho ya 2024 yamelipunguza: aliyeshtukizwa anarusha dadu ya kupanga zamu kwa hasara tu, yaani anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Kwa wachezaji wapya wa ngazi ya kwanza napendelea njia hii ya pili. Mhusika aliyetengenezwa kwa saa nzima hastahili kufa kabla mwenyewe hajarusha dadu.

Panga zamu

Kila mtu anarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha nyongeza ya Wepesi. Mwenye namba kubwa anaanza. Maadui wa aina moja warushiwe dadu moja kwa pamoja, utaokoa muda. Andika majina kwenye karatasi mahali ambapo wote wanaona, toka juu kwenda chini. Mpangilio huo haubadiliki mpaka pambano liishe. Wote wakishapata zamu, raundi moja imekwisha, na ndani ya hadithi zimepita sekunde 6 tu. Nawasihi waendeshaji waliseme hilo kwa sauti. Mchezaji akijua kwamba raundi nzima ni sekunde 6, hataomba kumhutubia adui kwa dakika tano huku akipanda ukuta.

Zamu moja ina nini ndani yake

Hapa tulia, maana ukiielewa sehemu hii umeuelewa mchezo. Katika zamu yako unapata mwendo, unapata tendo moja, na pengine tendo la ziada. Nje ya zamu yako una nafasi moja ya kujibu.

Mwendo unaweza kuukata vipande. Tembea futi 10, piga, kisha tembea futi 20 zilizobaki. Ardhi mbaya, kama matope, kifusi au vichaka, inakula mara mbili: kila futi inahesabiwa mbili. Aliyelala chini akitaka kusimama analipa nusu ya mwendo wake.

Tendo ndilo moyo wa zamu. Wengi hudhani tendo maana yake ni kupiga. Kupiga ni mojawapo tu. Unaweza kutumia sihiri, au kukimbia, ambako kunakupa mwendo mwingine mzima. Unaweza kujiondoa, yaani kutoka karibu na adui bila kupigwa ukiondoka. Ukijikwepesha, kila anayekushambulia ambaye unamwona anarusha kwa hasara. Ukimsaidia mwenzako dhidi ya adui aliye ndani ya futi 5 kutoka kwako, shambulio lake la kwanza kwa adui huyo linakuwa la faida, yaani dadu mbili na kubwa ndiyo inayohesabiwa. Kuna pia kujificha, kutafuta, na kutumia kitu, kwa mfano kunywa dawa ya uponyaji (masahihisho ya 2024 yameifanya dawa kuwa tendo la ziada, na hilo ni badiliko jema). Mwisho kuna kujiweka tayari: unataja tukio na utakachofanya likitokea, mathalani "akifungua mlango, nampiga mshale". Tukio likija, unatumia nafasi yako ya kujibu.

Tendo la ziada halipo mpaka kitu fulani kikupe. Mchezaji hawezi kusema "nalibadilisha tendo langu la ziada liwe pigo jingine". Ama ana sihiri au uwezo uliotajwa kuwa ni tendo la ziada, ama hana. Njia rahisi ya kulipata ni kushika silaha nyepesi mbili, moja kila mkono: ukishambulia kwa ya kwanza, ya pili inapiga kwa tendo la ziada, ila madhara yake hayajumlishwi nyongeza ya Nguvu au Wepesi.

Nafasi ya kujibu ni moja, na inarudi zamu yako inapoanza. Matumizi yake ya kawaida ni pigo la kisogo: adui unayemwona akitoka ndani ya uwezo wa mkono wako kwa miguu yake mwenyewe, unampiga mara moja. Zingatia maneno hayo. Akikuzunguka huku akibaki karibu nawe, hakuna pigo. Akisukumwa au akihamishwa kwa sihiri, hakuna pigo. Akitumia tendo la kujiondoa, pia hakuna. Lakini akikugeuzia mgongo na kukimbia, ni halali yako.

Zaidi ya hayo, unaruhusiwa kugusa kitu kimoja bure: kuchomoa silaha, kufungua mlango usiofungwa kwa ufunguo, kuokota funguo. Cha pili kinagharimu tendo. Kudondosha kitu chini hakugharimu chochote.

Dadu ya shambulio

Rusha dadu ya pande 20, jumlisha nyongeza yako, linganisha na namba ya kinga ya adui. Ukiifikia au kuipita, umepiga. Sawa kwa sawa ni pigo, msisahau. Dadu ikionyesha 20 yenyewe, umepiga hata kama adui ana kinga ya chuma kitupu, na dadu za madhara zinarushwa mara mbili (nyongeza inabaki moja). Ikionyesha 1, umekosa, hata nyongeza iwe kubwa namna gani. Meza nyingine huongeza adhabu kwa anayepata 1: upanga umevunjika, mshale umempata rafiki. Siipendi kabisa sheria hiyo, nayo haimo vitabuni. Askari bingwa anayeshambulia mara nne kwa zamu atajikuta anajikata mara nyingi kuliko mwanagenzi anayeshambulia mara moja.

Chukua goblini wa kawaida, zimwi dogo: kinga 15, pointi za uhai 7. Askari mwenye +5 anahitaji dadu isome 10 au zaidi. Namba 11 kati ya 20 zinamfaa, sawa na asilimia 55.

Sasa ingiza faida na hasara. Ukiwa na faida unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa. Ukiwa na hasara unachukua ndogo. Askari yuleyule akiwa na faida anapanda hadi karibu asilimia 80. Akiwa na hasara anashuka hadi 30. Hakuna panga la ngazi za chini litakalokupa tofauti kubwa namna hiyo, na ndiyo sababu mchezaji hodari huutumia mwendo wake kutafuta faida kabla hajafikiria silaha. Faida hazijumlishwi: sababu tatu za faida bado ni dadu mbili. Zikikutana faida na hasara, hata kama upande mmoja una sababu nyingi zaidi, zinafutana na unarusha dadu moja.

Faida hutoka wapi? Adui amelala chini nawe uko ndani ya futi 5. Adui hakuoni. Amenaswa kwenye wavu au utando. Mwenzako amekusaidia. Hasara nayo huja ukipiga upinde huku adui anayekuona yuko ndani ya futi 5, ukimlenga mtu aliyelala chini kwa mbali, ukishambulia ukiwa umelala, au ukipita masafa ya kawaida ya silaha. Upinde mfupi umeandikwa 80/320: mpaka futi 80 ni sawa, kutoka hapo hadi 320 ni kwa hasara, zaidi ya hapo haifiki. Ipo pia sheria ya hiari inayowapa faida wawili waliomweka adui katikati. Iacheni kwanza. Ikiwepo, faida inapatikana kwa bei rahisi mno na watu wanaacha kutafuta njia nyingine.

Kificho kinaongeza namba ya kinga. Nusu ya mwili ikifichwa na jiwe, gogo au hata mtu mwingine, ongeza 2. Robo tatu zikifichwa, kama kwenye tundu la kupigia mishale, ongeza 5. Aliyefichwa mwili mzima halengwi moja kwa moja.

Kuhusu madhara: mwenye ustahimilivu wa aina fulani ya madhara anapokea nusu, mwenye udhaifu anapokea mara mbili. Mifupa hai, kwa mfano, ina udhaifu kwa silaha za kuponda. Rungu la kuhani linaifanyia kazi kuliko upanga.

Sihiri katika pambano

Baadhi ya sihiri hurushwa kama mshale: mchawi anarusha dadu ya shambulio dhidi ya namba ya kinga. Nyingine zinamwachia mlengwa ajiokoe: yeye ndiye anayerusha dadu, na namba anayotakiwa kuifikia ni 8, jumlisha ubingwa wa mtumia sihiri, jumlisha nyongeza ya Akili, Busara au Haiba yake kulingana na kazi. Mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye Akili +3 ana 13.

Kanuni mbili huwachanganya wengi. Ya kwanza ni kushikilia. Sihiri nyingi zinazodumu, kama ile baraka ya kuhani inayowapa wenzake watatu 1d4 ya kujumlisha kwenye mashambulio na kujiokoa, hutaka mtumiaji aishikilie akilini. Huwezi kushikilia mbili. Ukipigwa, unarusha dadu ya Ustahimilivu (sifa ya mwili, si ule ustahimilivu wa madhara), na lazima ufikie 10 au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa. Madhara 22 maana yake lengo ni 11. Ukishindwa, sihiri imekatika. Kwa hiyo mkiona adui anashikilia sihiri inayowaumiza, mshambulieni yeye, na mara nyingi kwa mapigo madogo mengi, maana kila pigo linamlazimisha arushe tena.

Ya pili: ukitumia sihiri kwa tendo la ziada, sihiri nyingine pekee unayoruhusiwa katika zamu hiyo ni ile ndogo isiyotumia nafasi za sihiri (akiba ya sihiri inayopungua ukiitumia), nayo iwe ya tendo moja.

Kumkamata adui na kumwangusha chini kunafanyika kwa kushindanisha Nguvu yako na Nguvu au Wepesi wa adui, badala ya pigo moja. Ikihitajika, isomeni wakati huo.

Pointi zikifika sifuri

Mhusika mwenye pointi 1 anapigana kwa nguvu zilezile za mwenye pointi 100. Hachechemei, hapungukiwi. Ndiyo maana kugawanya mapigo kwa maadui wanne ni kosa la gharama kubwa: mmalizeni mmoja, muondoe na tendo lake, ndipo mwende kwa mwingine.

Mhusika wa mchezaji akifika sifuri anazirai na kuanguka. Tangu hapo, kila zamu yake ikianza, anarusha dadu ya pande 20 bila nyongeza yoyote. Kumi au zaidi ni fanaka, chini ya kumi ni kushindwa. Fanaka tatu na ametulia, ingawa bado amezirai. Kushindwa mara tatu na amekufa. Si lazima zifuatane. Akipata 1, inahesabiwa kushindwa mara mbili. Akipata 20, anazinduka na pointi 1. Akidhurika akiwa chini, ni kushindwa mara moja. Na anayempiga akiwa ndani ya futi 5 hupata pigo la mara mbili moja kwa moja, hivyo linahesabiwa kushindwa mara mbili. Mwendeshaji alielewe hili kabla hajamwelekeza zimwi kwa aliyezirai: mapigo mawili ya karibu yanatosha kuua.

Kifo cha papo hapo kipo pia. Pigo likikufikisha sifuri na madhara yaliyobaki yakalingana na pointi zako zote za kawaida au kuzizidi, hakuna dadu ya kurusha. Mhusika wa pointi 8 aliyebakiwa na 3, akipigwa 11, amekwenda.

Wenzake wanaweza kumtuliza kwa tendo moja na dadu ya Busara ya utabibu inayofikia 10, au kwa mkoba wa tabibu bila dadu. Uponyaji wowote, hata wa pointi 1, unamwamsha papo hapo na kufuta hesabu yote ya kifo.

Raundi moja, kwa karibu

Zuhura ni askari: kinga 18, uhai 12, upanga +5. Kito ni mchawi: kinga 12, uhai 8. Salama ni kuhani. Wako kwenye njia ya msituni. Goblini mmoja yuko nyuma ya jiwe, wa pili yuko juu ya kilima nyuma ya gogo, ameshika upinde. Zamu: Kito 17, goblini 14, Salama 11, Zuhura 7.

Kito anataka kumrushia goblini wa jiweni mshale wa moto, +5. Jiwe linampa kificho cha nusu, kinga 17. Kito anatembea futi 15 pembeni mpaka jiwe lisiwe katikati yao, na kinga inarudi 15. Dadu inasoma 11, jumla 16. Amepiga, na angebaki mahali pale angekosa. Madhara 1d10: 6. Goblini amebakiwa na pointi 1.

Lakini Kito sasa yuko wazi. Goblini aliyejeruhiwa anamwendea na kumpiga: 12 na 4, jumla 16, dhidi ya kinga 12. Kito anatumia nafasi yake ya kujibu kwa sihiri ya ngao, inayoongeza 5 mpaka zamu yake ijayo. Kinga 17, pigo limekosa. Goblini ana uwezo wa kujiondoa kwa tendo la ziada, anarudi zake jiweni bila kupigwa kisogoni. Wa kilimani anafyatua: 15 na 4, jumla 19. Amepiga. Madhara 1d6+2, dadu inasoma 6, jumla 8. Kito yuko chini.

Zamu ya Salama, na hapa ndipo hesabu ya matendo inapoonekana. Kwa tendo la ziada anatamka neno la uponyaji kutoka mbali: 2 na 3, pointi 5. Kito anafumbua macho, bado amelala, ila atapata zamu yake ijayo bila kurusha dadu ya kifo. Tendo lake kuu bado lipo, na kwa kuwa tayari ametumia sihiri ya ziada anachagua ile ndogo, mwali mtakatifu, ambao haujali kificho. Anamlenga mwenye pointi 1. Goblini anarusha 7, jumla 9, alihitaji 13. Amekufa.

Zuhura ana upanga mkononi na adui wake yuko futi 40. Akikimbia atamfikia lakini hatakuwa na tendo la kupiga. Anaudondosha upanga bure, anachomoa mkuki mwepesi wa kurusha kwa mguso wake mmoja, anatembea futi 30 ili awe ndani ya masafa ya kawaida, anarusha. Gogo limeifanya kinga iwe 17. Dadu 14, jumla 19. Madhara 4 na 3, pointi 7 kamili. Pambano limekwisha ndani ya sekunde 6 za hadithi.

Kupima ukubwa wa pambano

Katika sheria za 2014, kila goblini ana thamani ya pointi 50 za uzoefu. Kwa wahusika watatu wa ngazi ya kwanza, pambano la wastani ni 150 na la kufisha ni 300. Maadui wawili, jumla yao huzidishwa kwa moja na nusu: goblini wawili ni 150, wastani. Maadui watatu hadi sita huzidishwa kwa mbili: goblini watatu ni 300. Umeongeza goblini mmoja tu na pambano limeruka kutoka wastani hadi la kufisha, kwa sababu umeongeza tendo katika kila raundi. Kwa sababu hiyohiyo joka mchanga mmoja asiye na wasaidizi mara nyingi huanguka mapema kuliko mwendeshaji alivyotarajia: wachezaji watano wana matendo matano, yeye ana moja. Mpe walinzi dhaifu kadhaa.

Mwendo wa meza

Mwite mwenye zamu na umtahadharishe anayefuata: "Zuhura, zamu yako. Kito, jiandae." Dadu ya shambulio na ya madhara zirushwe pamoja. Kwa maadui tumia wastani wa madhara ulioandikwa. Wa goblini ni 5. Swali la sheria likizuka na jibu halipatikani ndani ya dakika moja, mwendeshaji aamue, aandike, na lisomwe baada ya kikao. Kila pigo lipewe sentensi moja ya hadithi, na pigo la mwisho mwachie mchezaji alisimulie mwenyewe.

Maadui nao wana akili. Goblini aliyewaona wenzake wawili wakianguka hana sababu ya kubaki afe. Akimbie, na wachezaji waamue kama wamfuate. Na mchezaji asisahau haki yake: pigo la karibu, si la mshale wala la sihiri ya mbali, likimfikisha adui sifuri, mpigaji anaweza kusema hapo hapo kwamba amemzimisha tu. Adui anazirai akiwa ametulia. Mfungeni kamba, chukueni mapumziko mafupi ya saa 1 mjitibu kwa dadu zenu za uhai (akiba ya kila mhusika ya kujiponya), na akizinduka mumuulize nani aliyemtuma.